Ndege Waliotundikwa Chini ya Tangi

Siku ya kwanza bwana aliporudi na kanga kutoka kwenye mabua ya ngano, nilichukua kisu kama ambavyo mpishi yeyote angefanya. Aliwabwaga juu ya meza ya jikoni wakiwa bado na joto, manyoya yao ya madoadoa yamelowa damu kidogo shingoni. Nilikuwa nimekwisha kubandika maji ya kuwanyonyolea. Nikamshika mmoja miguu, nikaelekeza ncha ya kisu tumboni, bwana akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Hapana! Hapana toa tumbo!"

Nikaacha. Nilidhani labda anataka kuwapiga picha kwanza, maana wazungu walipenda kupigwa picha na vitu walivyoua.

"Hapana nyonyoa, hapana pasua. Wewe tundika tu, chini ya tangi. Ngoja mpaka mimi nasema."

"Nitundike hivihivi, Bwana? Na matumbo yake?"

"Na tumbo yake."

Akavua kofia, akaenda kunawa.

Shamba lile lilikuwa la ngano na ng'ombe wa maziwa, upande wa Njoro, miaka ya hamsini, na mimi nilikuwa mgeni pale. Kabla ya hapo nilipika mjini Nakuru, kwa mzungu mmoja wa reli, ambako kuku alichinjwa asubuhi na mchana yuko mezani. Huko nilijifunza supu, mikate, pudini, na jinsi ya kuoka paja la kondoo mpaka livuje mchuzi. Nilijiona nimehitimu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna watu wanaomwacha ndege na utumbo wake ndani na manyoya yake nje, ananing'inia siku baada ya siku, kwa makusudi.

Nyuma ya nyumba, chini ya tangi la maji ya mvua, palikuwa na chumba kidogo cha mawe. Dirisha lake lilikuwa limewambwa waya wa matundu madogo ili nzi wasiingie, na jua halikufika humo. Hata saa sita ya mchana ukiingia ungetaka kujifunika. Niliwafunga kanga miguu kwa kamba ya katani, nikawatundika kwenye fito vichwa chini, nikarudisha mlango.

Kwetu, ng'ambo ya Molo, mtu mzima hakula ndege wa porini. Sisi ni watu wa ng'ombe. Ndege walikuwa wa vijana waliotoka kutahiriwa: waliwapiga kwa mishale butu, wakawakausha, wakawavaa kichwani kama taji mpaka siku ya kutolewa. Hao ndio ndege pekee waliotundikwa niliowahi kuwaona. Kwa hiyo nilipofunga mlango ule nilijiuliza kama wazungu nao wana jambo la namna hiyo, na kama mimi nimeingizwa ndani yake bila kuambiwa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchukua krimu, ambayo pia ilikaa mle ndani, nikamkuta mama mzee.

Huyu alikuwa mama yake bwana. Alikuja kwa meli na treni mwaka uleule, baada ya kufiwa na mume kwao, na alikaa chumba cha mwisho cha baraza. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele nyeupe pe, na alivaa koti la sufi hata wakati wa jua. Hakujua Kiswahili ila maneno matatu manne, na Kiingereza changu kilikuwa cha jikoni. Tulielewana kwa hayo na kwa vidole. Alikuwa amesimama chini ya kanga, mikono nyuma, kama mwalimu anayekagua darasa.

"Nani ametundika hivi?" aliniuliza.

"Mimi, Memsahibu."

"Kwa miguu?" Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kwa shingo. Daima kwa shingo. Na wasigusane. Wakigusana, pale wanapogusana ndipo wanapoharibika."

Akanionyesha. Alifunga kitanzi haraka kuliko mimi, vidole vile vya kizee vikijua vinakokwenda. Tuliwageuza wote, tukawaachia nafasi kati yao. Alipomaliza aliniita kwa jina. Halikuwa langu. Nilidhani amekosea, nikamtajia langu. Akanitazama kama mtu anayesikia mzaha usiomchekesha, akatoka.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta tena pale.

"Nani ametundika kwa shingo?" alisema. Sasa alikuwa amekasirika kweli, mashavu yamemwiva. "Nani amekufundisha upuuzi huu? Kwa miguu, ili damu ishuke kifuani."

Nilisimama na bakuli ya krimu mkononi. Nikataka kusema, ni wewe, jana, hapa hapa. Lakini utamwambiaje mama wa bwana hivyo? Tukawageuza tena.

Nikaenda kwa memsahibu, mke wa bwana, aliyekuwa akikata maua ya kuweka mezani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mumewe kwa sababu alizaliwa nchini.

"Memsahibu, wale ndege watundikwe kwa miguu au kwa shingo?"

"Fanya kama bwana alivyosema."

"Bwana hakusema."

Akashusha pumzi. "Basi vyovyote. Mimi mwenyewe nisingewatundika hata kidogo, ni desturi za kwao huko. Na usimsikilize sana mama."

"Kwa nini, Memsahibu?"

Alikata ua moja, akalitazama. "Amechoka," alisema.

Kwa lugha yetu mtu aliyechoka hulala, akiamka amepona. Nikangoja mama mzee apumzike. Hakupumzika. Kila siku ambayo kulikuwa na ndege chini ya tangi alikuja, na kila alipokuja alikuwa na fundisho. Ndege mzee, ambaye pembe yake ya kichwani imekomaa, akae zaidi. Mchanga asikae sana. Aliyepigwa risasi tumboni asitundikwe kabisa. Usimwoshe kwa maji kabla. Vuta unyoya wa mkiani: ukitoka bila kupigana nawe, ameiva. Mnyunyizie pilipili manga kwenye kidonda, nzi hawataki. Mtie kipande cha mkaa mdomoni. Usipige mluzi ndani ya chumba. Usimwache mwanamke mja mzito aingie. Usiwahesabu kwa sauti.

Mimi ningejuaje ipi ilikuwa elimu na ipi ilikuwa uchovu? Nilijaribu kupima. Kuhusu unyoya wa mkia alisema kweli. Pilipili nilidhani ni wazimu, lakini nilipoinyunyiza, yule nzi mmoja aliyepenya alizungukazunguka akaenda kutua ukutani. Mkaa sikujua. Mluzi sikujua. Mwishowe nikafuata yote, hata la mluzi, kwa sababu mtu asiyejua njia hachagui mguu wa kutangulia.

Na jina lile liliendelea. Siku moja nilimuuliza bwana ni la nani. Alikuwa anapaka mafuta bunduki barazani.

"Alikuwa mtu ya baba yake," alisema. "Yeye nachunga ndege, porini, huko kwetu. Zamani sana. Mama alikuwa toto."

"Mzungu?"

"Ndiyo, mzungu."

"Na mimi nafanana naye?"

Bwana alinitazama kwa muda, kana kwamba swali lilistahili kufikiriwa, halafu akacheka. Akarudia bunduki yake. Usiku nilitamani ningejua mtu huyo alikuwa mwema au mbaya, maana nilikuwa nimeanza kuitikia jina lake.

Nyumbani, kwenye nyumba za wafanyakazi chini ya mlima, mke wangu alikuwa na maswali yake. Tulikuwa na mtoto mmoja, msichana anayeanza kutambaa, na ng'ombe mmoja ambaye bwana aliniruhusu kumlisha pamoja na wake. Siku hizo zilikuwa za Hali ya Hatari, na wenye mashamba waliogopa kuvamiwa usiku. Wazungu walikula chakula cha jioni mapema, sisi wa jikoni tukatolewa, milango ikafungwa kwa ndani kwa makomeo, nasi tukashuka nyumbani kungali na mwanga. Jioni moja nilinyoosha mkono nichukue kibuyu cha maziwa lala, mke wangu akakivuta.

"Mikono hiyo imeshika nini leo?"

"Nimenawa."

"Sikuuliza kama umenawa."

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba kwanza wanauawa kwa bunduki, hawachinjwi. Kwamba wanakaa na utumbo wao. Kwamba mtu anasubiri mpaka harufu ibadilike ndipo anasema sasa ni chakula.

"Huo ni mzoga," alisema.

"Si mzoga. Bwana anakula, na anaenda kanisani."

"Fisi naye angeenda kanisani, angebaki fisi." Alinimiminia maziwa yeye mwenyewe, akaniwekea kikombe mbele, kibuyu akakirudisha mahali pake. "Na wewe umekula?"

Mpishi lazima aonje mchuzi. Mara ya kwanza niliyowaoka, nilichovya kijiko, nikaweka ulimini, nikajiandaa kutema dirishani. Sikutema. Ilikuwa ladha ambayo sikuwa na jina lake, kama maini, kama majani makavu, kama kitu kilichokaa kwenye moshi bila kuguswa na moshi. Nilisimama na kijiko mdomoni nikijiuliza kama nimeipenda. Mpaka leo sijui. Nikamwambia mke wangu nimeonja tu. Wiki hiyo nzima alinimiminia maziwa mwenyewe.

Mwezi wa saba, baridi ilipozidi na ukungu ukawa haupandi mpaka saa nne, bwana aliwinda mara mbili katika wiki moja. Alialika jirani yake na mkewe kwa chakula cha Jumapili. Mara ya kwanza, Jumatatu, alileta kanga. Mara ya pili, Alhamisi, akaleta kanga wengine na kware. Nikawatundika kwa mafungu: wa kwanza kwenye ufito wa ndani, wa pili kwenye ufito wa karibu na mlango, ili nisichanganye. Halafu bwana akaenda Nakuru kwenye mnada wa ng'ombe, akasema atarudi Jumamosi.

Jumamosi asubuhi nilifungua mlango wa chini ya tangi, nisielewe ninachokiona.

Ndege wote walikuwa wametundikwa upya. Wakubwa na wadogo walikuwa pamoja, wawili wawili, watatu watatu, wengine kwa shingo, wengine kwa miguu, na kware mmoja kwa bawa. Fito zote mbili zilikuwa zimechanganyika. Sakafuni manyoya yalitapakaa. Mama mzee alikuwa ameketi juu ya debe la maziwa lililopinduliwa, koti lake limejaa vumbi, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Nimewapanga kwa familia zao," aliniambia. "Yule ni mama, na wale ni watoto wake. Walikuwa wametenganishwa."

Nilianza kuwahesabu, kimoyomoyo, kwa sababu ya ile sheria yake. Mmoja hakuwepo. Nikahesabu tena.

"Memsahibu, mmoja yuko wapi?"

Aliangalia fito, akaangalia mlango, na uso wake ukabadilika kama wa mtoto aliyeulizwa jambo asilotaka kulisema. Akainuka, akaniacha.

Sasa sikujua nani wa Jumatatu na nani wa Alhamisi. Nilinusa mmoja mmoja mpaka pua ikafa, kila mmoja akanuka kama mwenzake. Nikavuta manyoya ya mikia: mengine yalitoka, mengine yalikataa, lakini hata hivyo mchanga wa Alhamisi angeweza kutoa unyoya kabla ya mzee wa Jumatatu. Mafundisho yote niliyopewa yakaanza kupigana yenyewe kwa yenyewe kichwani mwangu. Nikamwita memsahibu. Alifika mlangoni, leso puani, akarudi nyuma hatua.

"Tupa!" alisema. "Tupa wote! Kesho oka kondoo."

"Na bwana?"

"Nitasema naye mimi."

Nikashika gunia. Kabla sijawashusha nikasikia akiniita tena, lakini safari hii sauti ilitoka ndani ya nyumba, na haikuwa sauti ya amri. Nilikimbia na gunia langu mkononi.

Alikuwa chumbani kwa mama mzee, mbele ya kabati la nguo, milango yote miwili wazi. Alikuwa amefuata harufu. Kati ya magauni, kwenye kiango cha nguo, kanga aliyekosekana alikuwa amening'inizwa kwa shingo, amefungwa shali ya sufi kifuani kama mtoto anayekingwa na baridi. Pilipili manga ilikuwa imemwagika juu ya viatu. Mama mzee alikuwa amejiegemeza kwenye mlango wa kabati, mkono mmoja umemkumbatia yule ndege.

"Mtoe," memsahibu aliniambia. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hayafuti. "Tafadhali, mtoe."

Alikuwa hajawahi kuniambia tafadhali.

Nikasogea. Mama mzee akaniita kwa lile jina, kwa upole, kama mtu anayemweleza siri rafiki. "Huyu ni wa baba," alisema. "Akirudi atauliza amewekewa yupi. Wewe unamjua."

Nilisimama katikati ya wanawake wawili. Mmoja alikuwa akiniamuru nitoe, mwingine akinitegemea nilinde, na kila mmoja alinitazama kana kwamba jibu ni langu. Kwetu mtu hamwondolei mama mzee kitu mikononi mwake. Lakini kwetu pia mama mzee hafugi mzoga kabatini. Sikufanya chochote. Nilishika gunia tu.

Hapo ndipo gari la bwana likasikika.

Aliingia na matope ya mnada kwenye buti, akatazama kabati, akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Aliketi kwenye kitanda cha mama yake, kofia bado kichwani. Kisha akainuka, akasema naye kwa Kiingereza, polepole hata mimi nikaelewa.

"Mama, huyu bado hajaiva. Ukimweka hapa penye joto ataharibika. Tumrudishe kwa wenzake."

Mama mzee akafikiri. "Ndiyo," alisema. "Hapa pana joto mno. Sijui nani alimweka hapa."

Akamfungua shali mwenyewe, akampa bwana ndege mkononi. Na bwana alimbeba kwa mikono miwili kupita baraza nzima, mama yake pembeni, memsahibu nyuma, mimi na gunia langu wa mwisho, mpaka chini ya tangi. Nilimtazama mgongo nikijiuliza kama anamdanganya mama yake au anaamini. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeamini.

Mle ndani alimwambia, "Mama, kesho kuna wageni. Wepi wameiva?"

Na mama mzee akaamka. Sina neno jingine. Alivua koti akampa memsahibu, akakunja mikono ya blauzi, akaanza upande wa dirisha. Kila ndege alimgeuza kifua kwenye mwanga, akapulizia manyoya ya tumbo yaachane aone ngozi, akabonyeza kwa kidole gumba, akanusa chini ya bawa wala si mdomoni kama nilivyokuwa nikifanya mimi. "Huyu," alisema. "Huyu. Huyu siku mbili tena. Huyu mzike." Hakusitasita. Hakumwita mtu yeyote kwa jina la mwingine. Mara moja tu alisimama, akamuuliza bwana, "Ulimpiga huyu kutoka nyuma?" na bwana akasema ndiyo, akakuna kichwa kama kijana. Alipofika kwa yule wa kabatini alinusa, akasema mzike, kwa sauti ileile, kana kwamba hajawahi kumwona.

Nilitenga kama alivyosema. Alasiri niliwanyonyoa wale wa Jumapili, nikawapasua. Ndani walikuwa safi. Matumbo yalitoka mazima, nyama imekuwa na wekundu mzito, haitelezi wala haijabadilika rangi. Nikafurahi, nikasema moyoni, kumbe anajua, tatizo lilikuwa mimi. Halafu nikaenda na jembe nyuma ya zizi kuwazika wale wengine, na kabla ya kufukia, kwa kutaka kujua, nikampasua mmoja. Alikuwa kijani ndani, ananuka vibaya. Nikampasua wa pili. Huyu alikuwa safi kabisa, safi kama wale niliowaacha jikoni. Nilimgeuza, nikamnusa, nikamweka kwenye mwanga. Sikuona kosa lolote. Nilichuchumaa pale na ndege mkononi, sijui kama yeye aliona kitu ambacho mimi siwezi kukiona, au kama kwa huyu mmoja uchovu ulikuwa umerudi kwa nukta moja. Nikamzika vilevile.

Jumapili niliwaoka kanga, vifua vimefunikwa bekoni ili visikauke, pamoja na ile sosi nyeupe ya maziwa na mkate ambayo wazungu huipenda. Jirani alikula akaomba tena. Mkewe alisema tangu aondoke kwao hajala ndege kama hao. Memsahibu alikata nyama yake vipande vidogo sana, akavisukuma huku na huku sahanini. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na sinia nilipomwona mama mzee ametazama sahani yake bila kuigusa.

"Hii ni nini?" alimuuliza mwanawe.

"Kanga, mama. Wale uliowachagua."

"Sijachagua kitu." Akaisogeza sahani pembeni. "Sili vitu vilivyokufa. Naomba mkate na maziwa."

Mgeni mwanamke alitazama kitambaa chake. Bwana alinifanyia ishara, nikaenda nikaleta mkate na maziwa, na mama mzee akala kwa hamu, akanishukuru vizuri, bila jina lolote.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Nilidhani atacheka, au atasema unaona, hata mwenyewe anajua ni mzoga. Hakusema hivyo. Alikaa akimnyonyesha mtoto, akauliza, "Nani humwogesha yule mama?"

"Anajiogesha mwenyewe, nafikiri."

"Hana binti?"

"Ana huyu bwana tu."

"Maskini," alisema mke wangu, na kesho yake akanipa maziwa lala kwenye chupa nimpelekee. Nilimpelekea. Alionja, akakunja uso, akarudisha chupa. Mke wangu nilimwambia amekunywa yote.

Kabla ya Krismasi walimpeleka Nairobi, kwenye nyumba ya wazee wa kizungu. Asubuhi ya kuondoka alipita jikoni akiwa amevaa kofia na glavu, akanipa mkono kama mgeni anayemuaga mwenye nyumba. Akasema amekaa vizuri sana, na anatumaini hakutusumbua. Nikasema hapana, hakutusumbua. Bwana alikuwa akingoja kwenye gari, injini inanguruma.

Baada ya hapo bwana aliwinda mara chache. Aliporudi na ndege alisema, "Toa tumbo leo," nikatoa. Niliwahi kumuuliza mbona hatuwatundiki tena, akasema mahali hapa pana joto. Mahali hapa palikuwa palepale, na baridi ileile. Safari moja memsahibu, ambaye siku zote alichukia harufu ile, akaja jikoni akaniuliza kwa hasira mbona nimewapasua mapema, nyama imekuwa ngumu. Nikasema bwana kaagiza. Akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyebadilisha mambo, akaondoka.

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza, ngano imeshapandwa, bwana alipoingia jikoni wakati ninapepeta unga. Kwa kawaida aliita kutoka mlangoni. Sasa aliingia mpaka ndani, akaketi kwenye benchi letu, lile la kukalia sisi wa jikoni.

"Mama amekufa," alisema. "Jana."

"Pole sana, Bwana."

"Ahsante."

Nilitaka kusema zaidi. Kwetu ningemshika mkono, ningekaa naye chini, ningeuliza aliugua nini na nani alikuwa naye. Kwa lugha yao sikujua kinachosemwa, na kwa Kiswahili chake sikujua kama yangefika. Kukaa kwenye benchi pamoja na bwana sikuthubutu. Kusimama mbele yake, mtu aliyefiwa ameketi, nako hakukuwa sawa. Nikajikuta nimeegemea meza, si kukaa si kusimama, unga mikononi.

"Aliulizia wewe," bwana alisema. "Mwezi jana. Aliuliza kama uko mzima."

"Mimi? Kwa jina langu?"

Alifikiri. Aliangalia sakafu, akaangalia dirisha, mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Sijui," alisema. "Mimi hapana kumbuka." Kisha akauliza kama kuna chai.

Nikampa. Akainywa palepale, kwenye kikombe cha bati, na mimi nikamimina yangu.